Profesa David Archard, maadili tumizi na haki za watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

David Archard ni nani?

Ni mwanafalsafa wa Uingereza, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Queen's kilichopo Belfast, Ireland ya Kaskazini. Alisoma Oxford, akapata shahada ya uzamivu London School of Economics, kisha akafundisha kwa muda mrefu Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland ya Kaskazini, kabla ya kuhamia St Andrews huko Scotland. Kutoka hapo alikwenda Lancaster, kaskazini mwa England, alikokuwa profesa wa falsafa na sera za umma, na mwaka 2012 akarejea Ireland ya Kaskazini kufundisha Queen's. Kuanzia mwaka 2017 aliongoza pia Baraza la Nuffield, chombo huru kinachoichambua misingi ya kimaadili ya tiba na utafiti wa baiolojia nchini Uingereza.

Wanafalsafa walioandika ukurasa mmoja au miwili juu ya watoto ni wengi. Waliomfanya mtoto kuwa mada ya maisha yao ya kitaaluma ni wachache, na Archard ni mmoja wao. Vitabu na makala zake zinagusa utoto, familia, ridhaa, uzazi na tiba, lakini chini ya yote kuna swali moja analolirudia kwa sura mbalimbali: nani anaruhusiwa kuamua juu ya mtoto, na amepata wapi ruhusa hiyo?

Maadili tumizi ni nini hasa?

Falsafa ya maadili kwa upana wake huuliza jema ni nini na wajibu unatokana na nini. Maadili tumizi huanzia mahali ambapo mtu tayari amebanwa na uamuzi: daktari mwenye mgonjwa wa miaka kumi na mitano anayekataa kuongezewa damu, hakimu anayepaswa kusema mtoto akae na nani baada ya talaka, mbunge anayepiga kura juu ya sheria ya kupandikiza mimba. Wengi hudhani kazi ya mwanafalsafa hapo ni kuchukua nadharia iliyokwisha kukamilika na kuibandika juu ya tatizo. Mara nyingi mambo huenda kinyume chake, kwa sababu tatizo ndilo linaloionyesha nadharia mahali ilipopwaya, na mtoto ni miongoni mwa matatizo yaliyofichua mengi kwa namna hiyo.

Nchini Uingereza uwanja huu ulipata umbo la kitaasisi katika miaka ya 1980. Chama cha falsafa tumizi kiliundwa mwaka 1982 na jarida lake likaanza kutoka mwaka 1984. Archard amewahi kuwa mwenyekiti wa chama hicho.

Je, alianza na watoto tangu mwanzo wa kazi yake?

Hapana, na wanafunzi wanaohofia kwamba wamechelewa kuchagua mada wangefaa kulizingatia hilo. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1980, kilihusu Umarx na udhanaishi, yaani falsafa ya siasa ya Jean-Paul Sartre na Maurice Merleau-Ponty. Cha pili, cha mwaka 1984, kilihusu fahamu na sehemu ya nafsi isiyojitambua, uwanja ambamo Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, hawezi kukwepeka. Kitabu chake kuhusu haki za watoto na utoto hakikutoka hadi mwaka 1993.

Kuna wanaouona mwendo huo kama wa mtu aliyebadilisha njia. Kwa maoni yangu njia haikupinda sana. Anayejifunza udhanaishi anajifunza uhuru na uwajibikaji wa mtu kwa chaguo zake, na haendi mbali kabla ya kugongana na ukweli kwamba hakuna aliyezaliwa akiwa na uwezo wa kuchagua, wala aliyechagua wazazi wake. Kufundisha kwa miaka mingi Ireland ya Kaskazini wakati wa machafuko, katika jamii ambamo shule aliyopelekwa mtoto ilitosha kueleza yeye ni Mkatoliki au Mprotestanti, kwa vyovyote hakukumfanya mtu asahau jinsi watu wazima wanavyomwamulia mtoto mambo makubwa.

Kabla yake, falsafa ilisema nini juu ya watoto?

Kidogo, na mara nyingi ili kuwaweka kando. Aristotle aliona kwamba mtoto ana uwezo wa kutafakari lakini haujakomaa. John Locke, mwaka 1689, alisema watoto hawazaliwi ndani ya usawa kamili ingawa wamezaliwa kwa ajili yake, na kwamba mamlaka ya wazazi yanatokana na wajibu wao wa kulea mpaka akili ya mtoto iweze kujiongoza. John Stuart Mill, katika utetezi wake maarufu wa uhuru wa mwaka 1859, alitangulia kusema kwamba kanuni yake haiwahusu watoto, akaendelea na safari. Locke ndiye pekee kati ya hao watatu aliyeacha kitu cha kujengea, na ndiyo maana Archard anaanza naye.

Kitabu cha mwaka 1993 kinatoa hoja gani?

Hoja ni nyingi, lakini tatu ndizo zilizodumu, na ndizo zilizokifanya kichapishwe upya kwa matoleo yaliyorekebishwa mwaka 2004 na mwaka 2015.

Ya kwanza inamhusu mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès, ambaye mwaka 1960 alidai kwamba Ulaya ya zama za kati haikuwa na wazo la utoto, na kwamba mtoto aliyekwisha kuachishwa ulezi wa karibu aliingia moja kwa moja katika dunia ya wakubwa. Dai hilo lilipendwa sana, na hadi leo utalisikia likirudiwa kana kwamba limethibitishwa. Archard anajibu kwa kutenganisha mambo mawili yaliyochanganywa. Kila jamii inajua kwamba mtoto si sawa na mtu mzima, na hakuna ushahidi wa jamii isiyolijua hilo. Kinachobadilika ni picha ambayo jamii inayo kuhusu tofauti hiyo, na picha hizo zinapishana kwa mipaka, yaani utoto unaisha lini. Kwa vipimo, yaani tunapima kwa nini, iwe umri, mwili, akili au uwezo wa kuwajibika. Na kwa migawanyo, yaani ndani ya utoto wenyewe kuna ngazi gani. Kwa kutumia zana hii msomaji anaweza kuyatazama mambo anayoyajua. Mvulana aliyetoka jandoni amevuka mpaka ambao jamii yake inautambua na ambao cheti chake cha kuzaliwa hakiujui. Sheria inasubiri afikishe miaka 18, shangazi zake hawasubiri. Kusema kwamba jamii hiyo haina wazo la utoto ni upuuzi. Ina picha nyingine, na picha hiyo inaweza kujadiliwa, kusifiwa au kukosolewa.

Hoja ya pili inahusu waliojiita wakombozi wa watoto. Katika miaka ya 1970 nchini Marekani waandishi kama John Holt na Richard Farson, ambao wote walitoa vitabu vyao mwaka 1974, walitaka watoto wapewe haki zote za watu wazima, ikiwemo ya kupiga kura na ya kuchagua mahali pa kuishi. Hoja yao kali ilikuwa kwamba umri ni mstari wa kubahatisha, kwa kuwa wapo wenye miaka 14 wanaoelewa siasa kuliko wenye miaka 40. Archard hakuwacheka. Alikubali kwamba mstari wowote wa umri utawaonea baadhi ya watu, kisha akauliza njia mbadala ni ipi. Tukiamua kumpima kila mtu uwezo wake, tutahitaji mtihani, watahini, gharama na imani kwamba hakuna serikali itakayoutumia mtihani huo kuwanyima kura watu isiowapenda. Umri una ubaya wake, ila haupokei rushwa. Kwa hiyo mstari unaweza kubaki, mradi uwekwe mahali panapofanana na ukweli; na kwa vijana wanaokaribia utu uzima aliona kwamba mara nyingi tunawadhania kuwa na uwezo mdogo kuliko walio nao.

Hoja ya tatu iliwaudhi wengi zaidi. Malezi, alisema, hayawezi kuachwa kuwa jambo la faragha ya wazazi peke yao, kwa sababu jamii nzima ina maslahi na wajibu katika namna watoto wanavyokua. Hakutaka dola ichukue watoto. Alipendekeza uwajibikaji wa pamoja wa kiasi, ambao unawaacha watoto na familia zao huku ukikataa wazo la kwamba mtoto ni mali ya aliyemzaa.

Mtoto mchanga hawezi kuchagua wala kudai. Anawezaje kuwa na haki?

Swali hili limewagawa wanafalsafa katika kambi. Wale wanaomfuata H. L. A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, wanasema haki ni uwezo wa mwenyewe kudhibiti wajibu wa mwingine kwake, aushikilie au ausamehe. Kwa tafsiri hiyo mtoto wa miezi mitatu hana haki yoyote. Neil MacCormick, katika makala ya mwaka 1976, aliligeuza jambo hilo kuwa mtihani: ikiwa nadharia inasema kwamba mchanga hana haki ya kulishwa na kutunzwa, basi nadharia ndiyo yenye kasoro, na tuseme haki ni ngao ya maslahi muhimu ya mtu. Onora O'Neill alikuja na njia nyingine mwaka 1988, akisema tukianza na wajibu wa watu wazima tutaona mengi zaidi kuliko tukianza na haki za watoto, kwa kuwa upole, uchangamfu na uvumilivu ambao mtoto anauhitaji haviwezi kudaiwa mahakamani na mtu yeyote.

Archard anaipa hoja ya O'Neill uzito unaostahili bila kuiacha lugha ya haki, na mimi naona amefanya vyema. Wajibu usio na mwenye kuudai huwa rahisi kuahirishwa, hasa pale anayeahirishiwa ni mdogo na hana kura.

Maslahi bora ya mtoto na maoni ya mtoto: kipi kitangulie?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unayaweka mambo haya mawili pamoja. Ibara ya 3 inataka maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwa umuhimu wa kwanza katika hatua zote zinazomhusu. Ibara ya 12 inampa mtoto anayeweza kujenga maoni yake haki ya kuyatoa kwa uhuru, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kwenye karatasi ibara hizi zinapatana. Katika chumba cha mahakama hazipatani mara zote, kwa sababu kuna mtoto anayesema anataka kurudi kwa baba yule yule ambaye ustawi wa jamii umeandika ripoti ya kurasa nyingi juu yake.

Mwaka 2009 Archard alishirikiana na Marit Skivenes wa Bergen, Norwei, kulichunguza jambo hili kwa kuangalia utaratibu wa nchi zao mbili. Walionyesha kwamba zipo sababu mbili tofauti za kumsikiliza mtoto na kwamba wengi huzichanganya. Sababu moja ni kwamba mtoto anajua mambo yanayosaidia kugundua kilicho bora kwake, mathalani kwamba usiku huwa anaamka akilia. Hapo maoni yake ni ushahidi. Nyingine ni kwamba yeye ni mtu, na uamuzi unaomhusu haupaswi kupita juu ya kichwa chake hata pale atakaposema jambo ambalo watu wazima hawatalifuata. Anayeijua sababu ya kwanza tu ataacha kumsikiliza mtoto pindi anapodhani ameshajua jibu.

Mfano mzuri wa ugumu huu ni sheria ya England kuhusu matibabu. Mwaka 1985 Baraza la Malord, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua kesi iliyofunguliwa na mama mmoja, Victoria Gillick, aliyetaka madaktari wasiwape binti zake wenye umri chini ya miaka 16 ushauri wala dawa za kuzuia mimba bila yeye kujua. Alishindwa. Malord walisema mtoto aliye chini ya miaka 16 anaweza kutoa ridhaa ya matibabu mwenyewe iwapo ana uelewa na akili ya kutosha kufahamu kinachopendekezwa. Uamuzi huo ulipokelewa kama ushindi mkubwa wa haki za watoto. Ila mwaka 1991 na 1992 Mahakama ya Rufani iliamua kesi mbili za vijana waliokataa matibabu, na ikasema ridhaa ya kijana ni kitu kimoja na kukataa kwake ni kingine: akikubali, inatosha, akikataa, mahakama inaweza kumpita. Msomaji ajiulize huo ni uwezo wa namna gani, wa mtu ambaye kauli yake inahesabika anaposema ndiyo tu. Mtetezi wa msimamo huo atasema kukataa tiba ya kuokoa maisha kunahitaji uelewa mkubwa zaidi kuliko kuikubali, na jibu hilo lina nguvu yake. Hata hivyo, ukilifuata hadi mwisho, utalazimika kulitumia kwa watu wazima pia, na kwa watu wazima hakuna anayethubutu.

Je, anatetea wazazi au anatetea dola?

Kitabu chake cha mwaka 2010 ni utetezi wa familia kwa misingi ya uliberali, yaani falsafa inayotanguliza uhuru wa mtu binafsi, na kimewashangaza waliodhani kwamba mtu anayetetea haki za watoto lazima aitilie shaka familia. Anaifafanua familia kwa kazi yake: ni kundi la watu wa vizazi tofauti, kwa kawaida wanaoishi pamoja kwa uthabiti, ambamo watu wazima wamechukua jukumu la msingi la kuwalea watoto wanaowategemea. Tafsiri hiyo haitaji ndoa wala damu. Bibi wa Kagera au Kisumu anayewalea wajukuu baada ya wazazi wao kufariki ni familia kamili kwa kipimo hicho, haihitaji kuitwa familia pungufu au ya muda. Nadhani wasomaji wa kwetu wangeipokea bila kigugumizi kuliko wasomaji wa Lancaster.

Dola kwa upande wake ina kazi ya kumlinda mtoto pale familia inaposhindwa vibaya, lakini haipaswi kumtafutia kila mtoto mzazi aliye bora kuliko aliye naye. Ikifanya hivyo haitabakisha familia hata moja.

Mzazi ni nani: aliyezaa au anayelea?

Archard anajibu kwa kugawa swali. Aliyesababisha mtoto awepo duniani ana deni, nalo ni kuhakikisha kwamba mtoto huyo anapata mtu wa kumlea vizuri. Jukumu lenyewe la kumlea kila siku linaweza kubebwa na mtu mwingine aliyelikubali, na likishabebwa hivyo, deni la aliyezaa limelipwa. Hoja hii aliieleza katika mkusanyiko wa makala alioufanyia uhariri pamoja na David Benatar, uliotoka mwaka 2010.

Umuhimu wake unaonekana kwenye tiba ya uzazi. Anayetoa mbegu au yai kwa ajili ya wengine hajafanya kosa kwa kutomlea mtoto anayepatikana, mradi utaratibu unahakikisha kuwa wapo wanaomlea. Lakini je, mtoto ana haki ya kumjua? Uingereza ilibadilisha sheria yake mwaka 2005, ili watoto waliopatikana kwa mbegu au mayai yaliyotolewa kuanzia Aprili mwaka huo waweze, wakifikisha miaka 18, kuomba kujua aliyetoa ni nani.

Alifanya kazi gani nje ya chuo kikuu?

Kwa miaka kadhaa alikuwa mjumbe wa mamlaka ya serikali ya Uingereza inayotoa leseni kwa kliniki za kupandikiza mimba na kusimamia utafiti wa viinitete, yaani mimba katika hatua zake za mwanzo kabisa. Baadaye akaja Baraza la Nuffield, na huko alikuta kazi nzito mbili.

Julai 2018 Baraza lilitoa ripoti kuhusu kuhariri jeni za viinitete kwa namna itakayorithiwa na vizazi vijavyo. Jopo lililoiandika liliongozwa na Karen Yeung. Ripoti haikupiga marufuku wala kuruhusu. Ilisema jambo hilo linaweza kukubalika kimaadili ikiwa tu litalinda ustawi wa mtu atakayezaliwa na ikiwa halitaongeza ubaguzi na mgawanyiko katika jamii. Miezi michache baadaye, Novemba 2018, mtafiti He Jiankui wa China alitangaza kwamba mapacha waliohaririwa jeni wamekwisha kuzaliwa, na ulimwengu ukagundua kwamba mjadala uliodhaniwa kuwa wa miaka ijayo ulikuwa wa wiki ile.

Kazi ya pili ilihusu watoto wagonjwa mahututi. Mwaka 2017 na 2018 kesi mbili za watoto wadogo, mmoja London na mwingine Liverpool, zilivuta macho ya dunia nzima. Wazazi walitaka matibabu yaendelee, hospitali ziliona yanaongeza mateso bila faida, majaji wakaamua upande wa hospitali, na watu wakakusanyika nje wakiwa na mabango. Mwaka 2019 Baraza lilitoa andiko fupi kuhusu migogoro ya namna hii. Halikuwa na fomula ya kusema nani ana haki. Lilitazama jinsi mgogoro unavyozaliwa: mawasiliano mabovu, mitazamo tofauti juu ya maisha yenye thamani, wazazi kujiona hawana nguvu, na kuchelewa kumwita mtu wa kupatanisha. Wapo waliolidharau kwa kuwa halikutoa uamuzi. Mimi naliona kuwa miongoni mwa maandiko yenye manufaa zaidi ya Baraza hilo, kwa sababu mgogoro ukishafika kwa jaji, swali la nani aamue limejibiwa tayari, na wazazi na hospitali wote wamekwisha kushindwa.

Kwa hiyo profesa wa maadili ni mtaalamu wa mema na mabaya?

Yeye mwenyewe anakataa. Katika makala ya mwaka 2011 alieleza kwa nini wanafalsafa wa maadili si wataalamu wa maadili na kwa nini hawapaswi kujiita hivyo. Hoja yake si ya unyenyekevu wa adabu tu. Nadharia za maadili, anasema, hujengwa kutokana na hisia na hukumu za kawaida ambazo watu wote wanazo. Anayejenga kwa matofali ya jirani zake hawezi kuwaambia hawajui tofali ni nini. Ujuzi wa mwanafalsafa upo kwingine, katika kutenganisha maswali yaliyofungamana na kuonyesha kwamba hoja fulani inaishia mahali ambapo mwenye kuitoa asingependa kufika.

Wapo wasiokubaliana naye, wakisema mtu aliyefikiri kwa miaka arobaini juu ya ridhaa lazima awe amejua kitu ambacho wengine hawakijui. Pengine. Ila kamati yenye mtu anayejiona mwalimu wa dhamira za wenzake huwa haifanyi kazi vizuri, na aliyewahi kukaa kwenye kamati anaelewa.

Mawazo haya yana nafasi gani Afrika Mashariki?

Nafasi ipo, ingawa si ya kuyachukua yalivyo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ulipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1999. Ibara yake ya 31 ina jambo ambalo mkataba wa Umoja wa Mataifa hauna: wajibu wa mtoto, ukiwemo wa kufanya kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia na kuwaheshimu wazazi na wakubwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imefuata mkondo huo katika kifungu cha 15, huku kifungu cha 11 kikimhakikishia mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Uliberali wa Archard hauna maneno mengi juu ya mtoto mwenye wajibu. Wengi watasema hapo ndipo tunapomzidi. Ningependa kwanza waonyeshe wajibu huo unafanyaje kazi pale mkubwa anayepaswa kuheshimiwa ndiye anayemtendea mtoto uovu, kwa sababu mkataba wenyewe unatahadharisha kwamba wajibu huo uendane na umri na uwezo wa mtoto.

Mahali ambapo zana zake zinakata vizuri ni umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na kwa mvulana ikaweka miaka 18. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Tazama kilichokuwa kikitokea katika vifungu hivyo: ridhaa ya binti peke yake haikutosha, ilihitajika ya mzazi. Sheria ilimwona mdogo mno kuamua peke yake, lakini mkubwa wa kutosha kufungwa na jambo la maisha yake yote. Mtu aliyezoea kuuliza nani anaamua na kwa ruhusa ipi hahitaji kurasa nyingi kuona kasoro hiyo, na pia hawezi kuridhika na jibu la kwamba ndivyo mila ilivyo, kwa kuwa mistari miwili ya umri, mmoja wa msichana na mwingine wa mvulana, haiwezi kuwa inapima ukomavu.

Anakosolewa kwa lipi?

Kwa upande mmoja wapo wanaoona anawapa wazazi haki chache mno, na kwa upande wa pili wapo wanaotaka aseme wazi zaidi kwamba watoto wadogo nao wana uwezo wa kuamua. Malalamiko yangu ni mengine. Mifano inayobeba hoja zake inatoka zaidi hospitalini, mahakamani na kwenye ofisi za kuasili watoto. Mtoto anayeuza karanga stendi ili mdogo wake aende shule, ambaye kwa siku moja anafanya maamuzi mengi kuliko wanafunzi wa Oxford wanavyofanya kwa wiki, hatoshei vizuri katika picha ya mtoto anayesubiri kukomaa akiwa chini ya uangalizi.

Anayetaka kufuata njia kama hii aanzie wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vyote vinafundisha falsafa. Shahada ya kwanza ya falsafa peke yake inatosha kuanzia, lakini kwa haki za watoto ni vyema kuongeza sheria au ustawi wa jamii, kwani mwanafalsafa asiyejua kusoma hukumu ya mahakama atabaki akinukuu magazeti. Baada ya uzamili, mahali pa kujifunzia ni kamati za maadili ya utafiti, ambazo vyuo na taasisi za tiba zinazo. Huko utapewa fomu ya utafiti utakaofanyika shuleni. Kutakuwa na nafasi ya saini ya mzazi, na chini yake, kama mtafiti amefanya kazi yake, nafasi ya mtoto mwenyewe kukubali au kukataa kushiriki. Angalia kwanza kama maelezo yaliyo juu ya nafasi hiyo ya pili yameandikwa kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa, kisha umuulize mtafiti atafanya nini endapo mzazi atasaini na mtoto akakataa.